Bakuli la kioo lenye mapovu: namna ya kumjua aliyelitengeneza, anzia kwenye kitako

Jamani watu wa Mtwara na Lindi hili ni la kwetu. Ukiingia kwenye nyumba za zamani Mikindani, au Lindi mjini, au kwa wazee waliowahi kufanya kazi misheni Ndanda na Masasi, mara nyingine unakuta juu ya kabati la vyombo kuna bakuli moja la kioo, zito, la rangi, ndani lina mapovu mapovu kama soda imeganda humo, na ukiuliza limetoka wapi unaambiwa tu la wazungu hilo, usiliguse.

Kwetu lilikuwepo la bibi. Rangi ya chungwa inayoelekea njano, bibi alikuwa anawekea korosho wageni wakija siku za sikukuu, siku nyingine zote lipo juu limefunikwa kitambaa. Mjomba miaka yote anasema ni la enzi za Mjerumani, shangazi anasema la Waitaliani, kila mtu ana lake. Mi nikaamua nilifuatilie mpaka nijue, na baada ya hapo nimeshawasaidia majirani kadhaa na ya kwao, kwa iyo naandika hapa hatua zote nilizopita ili wewe usihangaike kama nilivyohangaika.

Kitu cha kushika kabla ya yote: vyombo vya aina hii vingi havikuandikwa jina. Kiwanda kilibandika lebo ya karatasi, watu wakaiosha ikatoka, basi. Kwa iyo mtengenezaji unamtafuta kwa kukusanya ushahidi mdogo mdogo, kitako kinasema chake, mapovu yanasema yake, rangi, uzito, na mwisho hadithi ya nyumba lilipotoka. Ukiona vinne vinasema kitu kimoja ndio unaweza kufungua mdomo. Mtu akiliangalia sekunde mbili akasema Murano hilo, yaani kioo cha Italia, mwambie asante alafu endelea na kazi yako.

Kwanza kabisa: usilioshe

Najua limejaa vumbi. Subiri. Mi la bibi nililitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto na sabuni ya unga siku ya kwanza tu nilipolipata, nikaja kuona kikaratasi kidogo cha duara kinaelea kwenye povu, kimeshalainika, maandishi yameondoka yote. Kile kikaratasi ndio kilikuwa jibu lenyewe. Mpaka leo kinaniuma, na ndio maana nalisema hili mwanzo.

Kwa iyo chukua brashi laini, ya rangi mpya au ya kupaka poda, toa vumbi taratibu, alafu angalia sehemu zote kwa macho, chini, pembeni, mpaka ndani. Tafuta karatasi, tafuta alama ya gundi hata kama karatasi imeshatoka, gundi ya zamani inaacha duara au pembetatu yenye rangi ya chai. Ukiiona ipige picha kabla hujaigusa. Baada ya hapo ndio unaosha kwa maji ya kawaida yasiyo ya moto, beseni la plastiki lililotandikwa taulo chini, sabuni kidogo. Maji ya moto kwenye kioo kinene yanaweza kulipasua, maana nje kunatanuka haraka kuliko ndani. Na kama mmekuwa mnaosha na maji ya kisima yenye chumvi utakuta ukungu mweupe wa chokaa, siki ya dukani iliyochanganywa na maji inautoa, ila kama kuna dhahabu iliyopakwa juu ya kioo usitie siki.

Pili: ligeuze

Hapa ndio unakaa muda mrefu. Kaa nje saa kumi jioni jua likiwa limelala, tandika kanga mapajani, ligeuze bakuli mdomo chini.

Ili uelewe unachokitafuta lazima ujue linavyotengenezwa. Fundi anachota kioo kilichoyeyuka kwa bomba la chuma, anapuliza, kikishapata umbo anakishika kwa chini na fimbo nyingine ya chuma ili akiachanishe na lile bomba na atengeneze mdomo. Akimaliza anaigonga fimbo, chombo kinaachia, na pale chini panabaki kovu. Lile kovu na namna lilivyoshughulikiwa linakwambia mengi kuhusu kiwanda.

Ukikuta kovu bichi, linakwaruza kidole, maana yake aliyelitengeneza hakuwa na haja au hakuwa na mashine ya kusaga, hii unaikuta sana kwenye kioo cha karakana ndogo ndogo na kioo kilichotokana na chupa zilizoyeyushwa. Ukikuta kishimo cha mviringo kilaini katikati, kama umebonyeza dole gumba kwenye unga, basi kovu limesagwa likang'arishwa, hapo kuna kiwanda chenye mafundi wa kumalizia kazi. Ukikuta kitako chote kimesagwa tambarare kinang'aa kama kioo cha dirisha, weka alama, tutarudi kwake. Na ukikuta hamna kovu lolote ila kuna mstari mwembamba unaopanda kuanzia chini mpaka juu, huo ni mshono wa kalibu, chombo kimetoka kwenye kalibu ya chuma, hakikumaliziwa kwa mkono.

Alafu angalia mikwaruzo. Bakuli lililokaa juu ya kabati miaka hamsini lina mikwaruzo pale tu linapogusa meza, na inaelekea kila upande, mirefu, mifupi, mingine haionekani mpaka uinamishe. Ukiona mikwaruzo yote inaelekea upande mmoja au imeingia mpaka kwenye kishimo ambacho hakigusi meza, mtu amepitisha msasa ili lionekane la zamani.

Maandishi pia yanakaa hapo hapo chini. Tumia lenzi, au kamera ya simu ukiikuza, na mwanga utoke pembeni usitoke juu, maana maandishi yaliyochorwa kwa ncha kali ni membamba kama unywele. Ukipata jina usikimbilie kushangilia. Angalia kama mikwaruzo ya miaka inapita juu ya herufi. Kama herufi zimekata mikwaruzo, ziko kali na zina weupe weupe ndani, zimeandikwa juzi, na majina makubwa kama Venini wa Italia yanaandikwa sana kwa namna hiyo na watu wanaotaka kuuza.

Tatu: yasome mapovu

Watu wengi wanaona mapovu ni mapovu tu. Hapana. Kuna mapovu yaliyopangwa, kuna yaliyoachiwa yaende yanakotaka, na kuna yaliyobaki kwa sababu kioo hakikuiva.

Yaliyopangwa unayajua mara moja, yamekaa mistari kwa mistari kama vifungo, umbali sawa, ukubwa unabadilika taratibu kutoka kitako kwenda mdomoni. Fundi anachukua donge la kioo cha moto analisukuma kwenye kalibu yenye miiba ndani, miiba inatoboa vishimo, alafu analichovya tena kwenye kioo kilichoyeyuka, kile kioo kipya kinafunika vishimo na hewa inanaswa humo. Akilizungusha wakati analivuta, mistari inapinda kama uzi wa parafujo. Waitaliano wanaita bullicante, neno hili ulishike maana ukitafuta kwenye intaneti ndilo linaleta picha nyingi. Lakini Waingereza walitengeneza ya mpango huo huo, Wafini, Wamarekani pia, kwa iyo mistari iliyonyooka peke yake haikupeleki Italia.

Yaliyoachiwa yana ukubwa tofauti tofauti, mengine kama punje ya mchanga mengine kama punje ya mtama, yamejazana. Haya yanatokea kwa kutia kwenye kioo cha moto kitu kinachotoa gesi, chumvi ya magadi kwa mfano, gesi inajaribu kutoka kioo kinaganda kabla haijatoka. Pitisha kidole juu yake. Kama ni laini kabisa mapovu yamefunikwa na tabaka jingine la kioo safi. Kama kidole kinahisi vijishimo vijishimo kama ganda la kaa, mapovu yamepasuka usoni, na hiyo ndio tabia ya kile wanachoita pulegoso, alichokianzisha Napoleone Martinuzzi alipokuwa kiwanda cha Venini kule Murano mwishoni mwa miaka ya 1920. Pulegoso halisi imejaa mapovu mpaka kioo hakipitishi mwanga vizuri, kama sponji.

Erik Höglund, msanii wa Sweden aliyeanza kazi kiwanda cha Boda mwaka 1953, yeye alikuwa anatupia viazi kwenye kioo kinachochemka, maji yaliyomo kwenye kiazi yanageuka mvuke, mvuke unakuwa mapovu. Mi niliposoma hilo nikawaza mihogo yetu ingefanya kazi ile ile. Vyombo vyake ni vinene, vizito, vya rangi za kahawia, kijani, buluu, na kitakoni mara nyingi pamechorwa H na namba.

Aina ya tatu ni ile ya kioo ambacho hakikukaa kwenye moto wa kutosha. Mapovu machache, yamesambaa ovyo, mengine yamevutwa marefu, na kioo chenyewe kina ukijani au ubuluu wa chupa kwa sababu ya chuma kilichomo. Hicho mara nyingi ni kioo cha chupa zilizoyeyushwa, na kwa upande wetu huku usiangalie mbali. Kuna Kitengela Glass kule Kenya karibu na Nairobi, iliyoanzishwa na Nani Croze, na kuna Shanga pale Arusha ambapo watu wenye ulemavu wanatengeneza vyombo vya kioo kwa chupa zilizotumika. Kama mtu wa familia aliwahi kuishi Arusha au Nairobi, anza na hizo kabla hujaruka Ulaya. Sio aibu bakuli kuwa la hapa hapa, mi nayapenda sana.

Nne: rangi na matabaka

Shika bakuli liangalie kwa ubavu, kwenye mdomo, pale kioo kinapoonekana kwa unene wake. Hesabu matabaka. Je rangi ipo ndani na kioo cheupe cha maji kimeifunika nje? Au kote ni rangi moja? Au ndani kuna tabaka jeupe kama maziwa? Andika.

Angalia kama kuna vimeta. Dhahabu ya Murano ni karatasi nyembamba sana ya dhahabu iliyokunjwa na kioo cha moto, ikivutwa inapasuka vipande vipande inabaki kama vumbi limetawanyika. Vimeta vya rangi ya shaba vilivyo sawa sawa kama mchanga ni kitu kingine, ni aventurini, chembe za shaba zilizojitengeneza ndani ya kioo, na hizo hata Waskochi walitumia.

Rangi yenyewe usiiamini peke yake maana kila kiwanda kilikuwa na kijani na buluu.

Tano: lipime, na hapa nitakaa kidogo

Hii hatua watu wengi hawaifanyi na ni rahisi. Kioo cha kawaida cha magadi na kioo chenye risasi vinatofautiana uzito kwa ukubwa ule ule. Cha magadi sentimita moja ya ujazo ina kama gramu 2.5. Chenye risasi nyingi kinafika karibu 3. Murano asili yake ni kioo cha magadi, kinachukua muda kuganda ndio maana wanaweza kukikunja kunja vile. Waingereza, hasa Whitefriars, walitumia sana kioo chenye risasi.

Unachohitaji ni mizani ya kidijitali ya kuning'iniza, ile ya kupimia mabegi, wafanyabiashara wa samaki pale feri baadhi wanazo, na wavu wa vitunguu. Weka bakuli kwenye wavu, ning'iniza, andika uzito. Alafu lishushe lote ndani ya ndoo ya maji likiwa bado limening'inia, lisiguse chini wala pembeni, litikise kidogo hewa iliyonasa kwa nje itoke, andika uzito wa pili. Sasa toa wa pili kwenye wa kwanza, alafu uzito wa kwanza ugawanye kwa hiyo tofauti.

Mama mmoja jirani yetu Shangani ana bakuli la buluu lenye mapovu ya mistari. Hewani lilikuwa gramu 2,130, ndani ya maji 1,420, tofauti 710. Gawanya, unapata 3.0. Risasi hiyo. Na kumbuka mapovu yenyewe yanapunguza kidogo jibu lako kwa sababu ni hewa, kwa iyo ukipata 2.9 kwenye bakuli lenye mapovu mengi usiseme sio risasi. Ila ukipata 2.4 au 2.5 risasi nyingi haimo humo.

Fanya juu ya taulo nene na uwe na mtu wa kukushikia. Wavu wa vitunguu wa zamani unakatika.

Sita: tochi ya noti

Ile tochi ya mwanga wa zambarau ya kuangalia noti feki. Zima taa, angaza. Kioo chenye urani kinawaka kijani kikali kama kimulimuli. Kioo cha njano na chungwa chenye kadimi kinaweza kuwaka kwa rangi ya moto. Hii haikutajii kiwanda, inakusaidia tu kutenganisha vitu viwili vinavyofanana mchana, basi, tuendelee.

Saba: sasa ndio ulinganishe na viwanda

Naanza na Murano maana ndio kila mtu anaitaja. Murano sio kiwanda, ni kisiwa karibu na Venice, tanuri za kioo zilihamishiwa huko mwaka 1291, na mpaka leo kuna karakana nyingi. Kwa iyo ukisema Murano umetaja mtaa tu, hujataja mwenye nyumba. Mapovu yaliyopangwa walitengeneza wengi, Barovier & Toso, Archimede Seguso, Venini na wengine ambao hawakuweka sahihi kabisa. Dalili zake ni kioo cha magadi, rangi mbili au tatu zilizofunikana, mdomo uliokunjwa kwa mkono au kuvutwa kama gamba la chaza, dhahabu ya vumbi. Lebo zilikuwa karatasi ndogo, nyingine za pembetatu. Ukikuta stika yenye nembo ya Vetro Artistico Murano ujue hilo sio la zamani, nembo hiyo ilitoka kwenye sheria ya jimbo la Veneto ya mwaka 1994. Na kuna viwanda vya China vimetengeneza mifano mingi ya haya mabakuli, yanakuwa na kitako cha ovyo, mapovu yamekosa mpangilio katikati ya mstari, na hayana mkwaruzo wa umri.

Whitefriars wa Uingereza. Kiwanda hiki kilikuwa London, familia ya Powell ilikinunua mwaka 1834, kikahamia Wealdstone mwaka 1923, kikafungwa 1980. Mabakuli na visahani vya majivu vyenye mapovu ya mistari walitengeneza kwa wingi baada ya vita ya pili, William Wilson na baadae Geoffrey Baxter wakiwa wabunifu wao. Kioo kinene, rangi ndani, kioo safi nje, na kile kitako kilichosagwa tambarare kikang'arishwa nilichokwambia uweke alama. Hawakuchora jina, walibandika lebo yenye picha ya mtawa mweupe. Lebo ikiwa na jina Powell ni ya kabla ya 1962, mwaka huo walirudi kwenye jina la Whitefriars Glass. Uzuri wao ni kwamba katalogi zao nyingi za zamani zipo, unalinganisha umbo na vipimo kwa sentimita.

Lile la jirani yetu wa Shangani liliishia hapa. Risasi, mistari, kitako tambarare, umbo limelingana na picha ya katalogi. Na baba yake alikuwa dereva Nachingwea kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ukafa 1951, ule ule uliotuletea bandari ya Mtwara. Wazungu walipofunga mizigo yao kuondoka aliachiwa vyombo. Kila kitu kimekaa mahali pake.

Scotland kulikuwa na Monart, ya kiwanda cha Moncrieff mjini Perth, familia ya Ysart walianza kuitengeneza mwaka 1924. Rangi za mawingu mawingu, mapovu, aventurini, na chini pale kwenye kovu pamesagwa pakaacha kiduara kilichonyanyuka kidogo. Waliofuata walijitambulisha wenyewe: Vasart waliandika jina lao kitakoni, Strathearn walipiga muhuri wa samaki anaruka. Za mawingu zinazofanana lakini kiduara hakipo, angalia Nazeing wa Uingereza, wao hawakuandika kitu. Za kale zaidi za Scotland ni Clutha ya James Couper wa Glasgow, mwisho wa karne ya 19, kijani chenye michirizi na mapovu, baadhi Christopher Dresser ndiye aliyezibuni, ukiipata hiyo kaa chini kwanza unywe maji.

Ufaransa ni rahisi kidogo kwa sababu wao walipenda kuandika. Daum wanaandika Daum Nancy na msalaba wenye mikono miwili, Schneider wanaandika Schneider. Biot ni kioo cha matumizi ya kila siku, mapovu mengi madogo sawia, Éloi Monod alifungua karakana hiyo mwaka 1956 na mapovu aliyapata kwa kunyunyizia magadi katikati ya matabaka. Wasweden na Wafini wengi waliandika kwa ncha ya almasi, Orrefors na namba, Kosta na herufi LH ikiwa kazi ni ya Vicke Lindstrand, Nuutajärvi ikiwa ya Gunnel Nyman aliyepanga mapovu kama shanga miaka ya 1940. Ucheki kulikuwa na Škrdlovice, Marekani kulikuwa na Steuben na aina yao ya Cluthra, na Erickson wa Ohio ambao mapovu yao yamekaa kwenye kitako kinene.

Nimeiacha Ujerumani mwisho makusudi. Kiwanda cha WMF kilichopo mji wa Geislingen kilitengeneza kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1920 kioo walichokiita Ikora. Ni kinene, safi kwa nje na laini kabisa ukipapasa, na ndani katikati ya matabaka kuna rangi iliyopasuka pasuka kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi, na mapovu madogo yamefuata ile mipasuko kama wavu. Chungwa, njano, nyekundu, kijani. Jina halikuchorwa, ilikuwa lebo tu.

Niliposoma hayo nikalishusha la bibi nikaliweka juani. Wavu ule ule. Chungwa ile ile inaingia kwenye njano. Kitako kimesagwa.

Nane: kaa na wazee

Hii hatua huko Ulaya wengi hawana, sisi tunayo. Bakuli lililonunuliwa mnadani London limeshapita mikono kumi. La kwetu limepita mikono miwili au mitatu na mmoja wao bado yuko hai anakunywa kahawa barazani. Nenda na bakuli lenyewe, usiende mikono mitupu, mtu akilishika anakumbuka. Muulize lilikuwa linakaa chumba gani, nani alikuwa hataki likae mbali naye, alilileta nani, alikuwa anafanya kazi wapi mwaka huo, kabla au baada ya uhuru. Usimuulize ni la kiwanda gani, hilo hajui na atakubahatishia kwa heshima tu.

Huku kusini njia za vyombo kuingia zilikuwa chache na zinajulikana. Masasi walikuwepo wamisionari wa Kiingereza toka 1876, Ndanda Wabenediktini wa Kijerumani toka 1906, Nachingwea watu wa karanga, Lindi wafanyabiashara wa Kihindi wenye maduka na mizigo ya meli. Kila njia inaelekea nchi fulani.

Mjomba alisema enzi za Mjerumani. Enzi za Mjerumani huku ziliisha kwenye vita ya kwanza, na Ikora haikuwepo bado, kwa iyo mwaka wake haukubali. Nikarudi kwa shangazi mkubwa, nikamwamkia, nikaweka bakuli kwenye mkeka mbele yake. Akalishika, akanyamaza kidogo, akasema hili mama alipewa na sista siku anaacha kazi hospitali Ndanda, alikuwa anafua mashuka ya wodini, na sista alikuwa Mjerumani. Mjomba akiwa mtoto alisikia neno Mjerumani, akaliweka kwenye enzi. Kumbe neno alilisikia sawasawa.

Kioo na mzee wakigombana kuhusu mwaka mfuate kioo. Kuhusu mtu aliyelileta, mfuate mzee.

Tisa: picha za kuulizia

Ukitaka kuuliza wanaojua zaidi, piga picha kwenye kivuli cha mchana na kitambaa cheupe nyuma: moja ya juu, moja ya ubavu, moja ya kitako mwanga ukitoka pembeni, moja ya mapovu kwa karibu sana, moja ya mdomo. Weka rula kwenye picha. Andika kimo, upana wa mdomo, upana wa kitako, uzito, jibu la hesabu ya ndoo, na hadithi ya nyumba mstari mmoja. Linganisha pia na makusanyo ya makumbusho yaliyopo mtandaoni, V&A ya London na Corning Museum of Glass ya Marekani wana picha nyingi za bure. Bei usiulize kwenye ujumbe wa kwanza, ukianza na bei watu wanakuchukulia dalali na wanaacha kukufundisha.

Na jibu liandike kwa daraja lake. Mi natumia maneno matatu: hakika, nikiwa na sahihi au lebo, pengine, ushahidi wote ukielekea sehemu moja, na labda, ukiwa nusu nusu. La bibi ni pengine. Ingekuwa hakika kama sio lile beseni la maji ya moto.

Nimeandika kwenye karatasi kwa penseli maana wino unahamia kwenye kioo, nimeikunja nimeiweka ndani ya bakuli chini ya korosho: Pengine Ikora, WMF, Ujerumani, kati ya miaka ya 1920 na 1950. Bibi alipewa na sista wa Ndanda siku anaacha kazi ya kufua. Limekaa Mikindani.